Bi Kiti na Meza ya Kukunjia

"Kwa hiyo umesomea jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja," shangazi yake alisema huku akipuliza chai, "na mwisho wa masomo ukaona heri umpende mmoja wao. Hebu nieleze, mwanangu, hiyo nayo ilikuwa kwenye mtaala?"

Shangazi alikuwa mwalimu mkuu, na hata nyumbani aliuliza maswali kama mtu aliyeshika chaki. Ndiye aliyemlea tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni, ndiye aliyemsukuma mpaka akafika shahada ya uzamili, na kwa hiyo alijiona ana haki ya kusahihisha kila kitu chake, moyo ukiwemo.

"Sijasema nampenda, shangazi."

"Hujasema kwa mdomo. Juzi ulitia chumvi kwenye chai. Jana ulitoka na kandambili mguu huu, kiatu mguu ule. Nimefundisha wasichana tangu wewe hujazaliwa, nayajua maradhi yao yote."

"Ni tasnifu. Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo hayo yana ndevu?"

Binti akacheka bila kutaka. "Kidogo. Kidevuni tu."

Shangazi hakucheka. Aliweka kikombe chini na kukisogeza pembeni, kama afanyavyo anapotaka kuongea na mzazi wa mwanafunzi mtoro.

"Anakunja mashuka."

"Anaongoza watu wanaokunja mashuka."

"Kuna tofauti?"

"Tofauti hiyo ndiyo tasnifu yangu nzima. Na hata angekuwa anakunja tu, shangazi, wewe hujamwona anavyokunja."

"Na yule mhadhiri mwenye miwani, anayepita hapa kuniamkia?"

"Yule akiniuliza swali anajijibu mwenyewe. Mimi kazi yangu ni kutikisa kichwa."

"Sikukusomesha ili uje uishi na harufu ya sabuni."

"Mbona ni harufu nzuri," akajibu, akanyakua mkoba wake, akatoka kabla ya kuulizwa swali jingine. Siku hiyo alikuwa na shughuli nzito kuliko kumridhisha shangazi. Alikuwa anakwenda kumwomba mtu msamaha, na hakujua kama atasamehewa.

Mambo yalianzia kwenye kiti. Alipokwenda mara ya kwanza kwenye kile kiwanda cha kufulia, kinachofua mashuka na mataulo ya hoteli na hospitali za mji mzima, profesa wake alikuwa amemwekea masharti ya utafiti: kaa pembeni, usiguse kazi, usichukue upande wa mtu. Binti alitaka kujua kundi la wafanyakazi linashikanishwa na nini. Kwa nini watu walewale, wenye mashine zilezile, zamu moja waelewane kama chanda na pete na zamu nyingine wanuniane mpaka kazi ilale. Akapewa kiti cha plastiki kando ya meza ndefu ya kukunjia. Haikupita wiki wafanyakazi wakawa wameshambatiza: Bi Kiti. Jina likamganda. Hata mlinzi wa langoni hakumjua kwa jina jingine.

Na yeye msimamizi wa zamu walimwita Kimya. Katika chumba kile mashine zilinguruma tangu asubuhi, na wasimamizi wengine walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Huyu aliongea kwa vidole. Akigonga meza mara mbili, watu walijua kazi inabadilika. Akiinua kiganja, toroli lilisimama. Akitaka kumsifu mtu alimwekea mkono begani, akapita, na mtu yule alikunja vizuri mpaka jioni. Bi Kiti aliandika yote hayo kwa bidii ya mwanafunzi. Kisha siku moja akajikuta ameacha kuandika, anamtazama tu, na kalamu imekauka mkononi.

Kilichomponza zaidi ni lile shuka. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule, wanalinyoosha, wanakutana katikati, wanarudi nyuma, wanakutana tena. Meza ilikuwa na sheria moja: ukishika pembe, huachi mpaka shuka liishe. Mtu akuite, simu ilie, paa lidondoke, wewe shika. Ukiachia, shuka linagusa sakafu, na likigusa sakafu linarudi kufuliwa upya. Bi Kiti alimtazama Kimya akiwaendea wenzake na kurudi, akiwaendea na kurudi, na kila mara pale katikati aliwaangalia usoni kwa upole uleule, awe mama mtu mzima au kijana aliyeanza kazi jana. Alimwonea wivu kila aliyekuwa upande wa pili wa shuka. Lakini alikuwa na masharti yake, akajikaza kisabuni.

Ikaja sehemu ya mwisho ya utafiti, na hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Ili kujua kundi linashikanishwa na nini, lazima ulione likiwa limeondolewa kiongozi wake. Wafanyakazi wote walikuwa wamekubali tangu mwanzo kwamba mipangilio inaweza kubadilishwa bila kuelezwa sababu. Hawakujua itakuwa nini na lini. Bi Kiti mwenyewe ndiye aliyemwomba meneja amhamishe Kimya kwa majuma mawili, apelekwe chumba cha kupokelea nguo chafu, na asiambiwe kwa nini.

Jioni ya siku hiyo Kimya alimngoja langoni. Alimuuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza, "Wewe unaongea na wakubwa. Unajua kwa nini wamenitoa?"

Naye akamtazama usoni, akasema, "Sijui."

Neno dogo hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ile. Sasa tasnifu ilikuwa imeshakamilika na kupokelewa, Kimya alikuwa amerudishwa mezani, na leo alitaka kumweleza mwenyewe, kwa mdomo wake.

Alikuta ameshachelewa. Langoni alimkuta Mama Mvuke, mwanamke wa mashine ya pasi, mwenye sauti iliyoishinda hata mashine yenyewe, ameshika kiuno.

"Bi Kiti, leo usikae. Leo kimbia."

"Kuna nini?"

"Kimya amejua. Meneja amemjia asubuhi, meno yote nje. Anamwambia, tulikutoa mezani kwa ajili ya utafiti wa yule binti, na majibu ni mazuri mno, zamu imekwenda vizuri bila wewe, hongera! Yaani mtu mzima, anadhani anamsifu!"

"Yeye akasemaje?"

"Alikuwa kama jina lake. Baadaye ndiyo akatuambia kuna hoteli mji mwingine inamtaka akasimamie chumba chao cha kufulia, na leo mchana watampigia awape jibu. Atakubali, mwanangu. Ule uso nimeuona."

"Yuko wapi sasa?"

"Mezani, peke yake. Sisi tumetoka kula. Hakuna mwenye njaa, tumempisha tu." Mama Mvuke akamtazama juu mpaka chini, kisha akalegeza sauti. "Na sisi tumekukasirikia, usidhani. Lakini wewe nenda."

Mashine zilikuwa zimezimwa kwa saa ya chakula. Chumba kilikuwa na joto na unyevunyevu, na mabomba ya mvuke yalikuwa yakitoa milio midogomidogo yanapopoa. Kimya alisimama mwanzoni mwa meza anajaribu kukunja shuka la kitanda cha watu wawili peke yake. Alikuwa amelibana kwa kidevu, mikono ameitanua, na upande mmoja unamtoroka. Bi Kiti hakuwahi kumwona akifanya kazi vibaya hata siku moja, na kumwona hivyo kulimchoma.

"Karibu, Bi Kiti," Kimya alisema bila kuinua macho. "Kiti chako kipo palepale."

"Sikuja kukaa."

"Leo unaandika ukiwa umesimama?"

"Uliniuliza langoni nikasema sijui. Nilijua. Mimi ndiye niliyeomba uhamishwe."

"Nimeshaambiwa."

"Ulistahili kuambiwa na mimi."

"Nafasi ulikuwa nayo," alisema Kimya, na shuka likamponyoka kidevuni, likaanguka mezani. Aliliacha hapohapo. "Unajua nilichokuwa nafanya kule kwenye nguo chafu? Nahesabu foronya, najiuliza nimekosea wapi. Nilimpitia kila mtu. Nikasema labda Mama Mvuke amenichoka, kaenda kunisema. Labda yule kijana mpya nilimwonea. Watu ninaowapenda, nikawageuza washitakiwa mmoja mmoja. Nikikutana nao langoni nainamisha kichwa. Na wewe umekaa pale unajua kwamba sina kosa."

Machozi yalimlenga Bi Kiti, lakini hakutaka kulia. Aliona kulia ni kama kuomba apunguziwe adhabu.

"Ningekwambia, ungewaachia maagizo. Ungewaaga. Jaribio lingeharibika."

"Jaribio." Kimya alilitamka neno hilo kama anayetema mbegu. "Haya, limefanikiwa. Umewaonyesha kwamba si lazima niwepo. Meneja ananishika mkono kwa furaha, hongera, watu wako hawakuhitaji. Mtu unaishi vipi na hongera ya namna hiyo?"

"Meneja amesoma ukurasa mmoja. Mimi nilikaa hapa. Nisikilize kidogo tu, halafu nenda kokote unakokwenda."

Kimya alikunja mikono kifuani, na kwa Bi Kiti hiyo ilitosha.

"Ulipokuwa kule, mashine ya kukaushia ilizima. Unajua inavyokuwa. Mashuka mabichi yamejaa, hospitali inapiga simu. Wote walinyamaza wakatazama hapo unaposimama. Hapana mtu. Nikasema basi, sasa wataanza kulaumiana. Nimesoma vitabu juu ya makundi yanayolaumiana, mimi, nilikuwa nimeshatayarisha kalamu. Mama Mvuke akagonga meza mara mbili. Kama wewe. Wakajigawa, hawa wakaenda kuanika nje, hawa wakahamia kwenye foronya zilizokauka, na hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Yule kijana mpya, mwenye mikono mizito, akaanza kuachwa nyuma. Nikawaona wawili wenye kasi wanasogea, taratibu, mpaka wakamweka katikati yao. Hawakumwambia neno. Mwenyewe hakujua kwamba amesaidiwa. Nani aliwafundisha hivyo?"

Kimya alitazama meza.

"Na hapo ulipo wewe hakuna aliyesimama. Majuma yote mawili. Matoroli yamejaa, watu wanabanana, lakini hapo wanapazunguka kama vile upo. Hakuna aliyewaamuru. Kundi linaloongozwa kwa hofu, ukimwondoa mkubwa wake, linapumua. Linaloongozwa kwa ubabaishaji linabomoka. Hili lako halikupumua, halikubomoka. Lilikuwa linakungoja huku linafanya kazi. Profesa wangu hasifu hata mvua ikinyesha kwa wakati wake. Alisoma sehemu hiyo akaniuliza, huyu bwana anaongozaje? Nikamwambia, kimya."

Kimya aliupitisha mkono usoni, kama anafuta jasho.

"Kwa nini ulinichagua mimi?" akauliza. "Zamu ziko nyingi."

"Kwa sababu nilikuwa na hakika. Wasimamizi wengine ningeogopa kuwaondoa."

"Hakika ya nini?"

"Kwamba usipokuwepo utakuwepo." Bi Kiti alikuwa amefika mahali ambapo masomo yote hayakumsaidia, akapiga moyo konde. "Kuna mtu mmoja tu aliyeharibikiwa ulipoondoka. Huyo sikumtia kwenye tasnifu."

"Nani?"

"Aliyekuwa amekaa kwenye kiti."

Mabomba yakalia kidogo, yakanyamaza. Kimya aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu Bi Kiti aingie, naye akayapokea macho hayo bila kukwepa. Alimpenda. Hakuona tena sababu ya kulizunguka neno hilo. Alimpenda kwa jinsi alivyowatazama watu wazito wa mikono, kwa jinsi nguvu zake zote zilivyokaa kwenye vidole viwili vinavyogonga meza, na kwa kuwa hata hasira yake ilikuwa imekaa kimya, inangoja maelezo.

"Nilitia chumvi kwenye chai," akaongeza, maana hakujua aseme nini.

Tabasamu lilimjia Kimya, akalizuia njiani. "Nikuulize jambo moja, na usinipambie. Tukirudi siku ile. Mimi niko langoni, nakuuliza kwa nini nimetolewa. Utasemaje?"

Lilikuwa swali la mtego, ingawa muulizaji hakutega. Bi Kiti aliliona jibu tamu limekaa karibu kabisa: ningekwambia kila kitu, ningeacha masomo, ningeacha yote. Angelisema, pengine wangekumbatiana. Lakini lilikuwa uongo, na uongo alishamwambia mmoja.

"Jaribio ningelifanya tena," alisema polepole. "Ndiyo kazi yangu, na naipenda kama wewe unavyoipenda yako. Lakini nisingesema sijui. Ningesema, najua, siwezi kukwambia sasa, na huna kosa. Ningekuomba uningoje."

Kimya alililainisha kwa kiganja lile shuka lililoanguka mezani, hata Bi Kiti akaanza kuutafuta mlango kwa macho.

"Hilo tu," Kimya akasema mwishowe. "Hilo tu ndilo nililolitaka. Ningengoja, tena bila kinyongo. Wewe hujui nilivyo mtu wa kungoja. Tangu siku ya kwanza ulipokikalia hicho kiti, nangoja usimame."

Bi Kiti alicheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakujizuia.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Umepewa masharti, usiguse kazi, usichukue upande. Na mimi nilikuwa kazi." Kisha uso wake ukaingia wasiwasi. "Profesa wako atasemaje?"

"Nilimwendea jana, nikamweleza. Akasema utafiti umefungwa, sasa mimi ni mtu kama watu wengine."

"Na huyo shangazi unayemtaja kila saa?"

"Shangazi hakutaki."

"Hajaniona."

"Ndicho nilichomwambia."

"Basi nitakwenda kuonekana. Nitavaa shati lililopigwa pasi na Mama Mvuke, akikosa sifa ya kunipa, ataisifu pasi." Akaliokota lile shuka mezani, akazitafuta pembe zake, mbili akazishika na mbili akamsogezea. "Shika."

Bi Kiti alisita. Siku zote alizokaa pale hakuwahi kugusa hata foronya. Kitambaa kilikuwa bado na uvuguvugu wa pasi. Akashika, akarudi nyuma kama alivyowaona wengine wakirudi, na shuka likanyooka kati yao, jeupe, pana.

"Vuta kidogo. Hapo. Usilegeze. Sasa njoo."

Alikwenda. Walipokutana katikati, vidole vyake vilikuwa vimeshika upande usio wake, na Kimya akavigeuza kwa vidole vyake, taratibu, bila haraka yoyote. Alimwangalia vilevile alivyowaangalia wote. Kisha akaendelea kumwangalia, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana.

"Rudi nyuma," alinong'ona.

"Lazima?"

"Shuka halijaisha."

Alirudi nyuma, na hapo jicho lake likaangukia kwenye dirisha la kioo linalotenga chumba cha chakula. Zamu nzima ilikuwa imebanana pale, vichwa juu ya vichwa. Kiti chake cha plastiki hakikuwa tena palepale. Mtu alikuwa amekiiba kimyakimya wakati wao wamezama katika maneno, na juu yake, mbele ya wote, alikuwa amekaa Mama Mvuke, miguu ameikunja nne, kalamu ameichomeka sikioni.

"Wanatuangalia," alisema Bi Kiti, mashavu yakiwaka moto.

"Waache. Wewe umewaangalia vya kutosha, leo ni zamu yao."

Ndipo simu ikaanza kulia mfukoni mwa Kimya. Wote wawili waliusikia ule mlio, na hata kule nyuma ya kioo vicheko vilikatika. Bi Kiti alihesabu pumzi zake. Ilikuwa saa ya ile hoteli, ya ule mji mwingine. Alikaza pembe zake mpaka kucha zikageuka rangi, akajilazimisha kuuliza swali alilokuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa hakutaka kumshika mtu kwa kumfumba macho mara ya pili.

"Hupokei?"

Kimya alitazama mfuko, akatazama mikono yake, akamtazama yeye upande wa pili wa shuka.

"Nitapokeaje?" akasema. "Nimeshika pembe."

Akamwendea. Simu ililia mpaka ikachoka yenyewe.